Si Mgongo Uliomuua Babako

Mwanangu Twalib,

Nakusalimu ungali uko, na moyo wangu umeshakuona umeondoka. Umetoka baada ya sala ya alasiri kwenda Bondeni kuwaaga jamaa za babako. Najua watakukalisha, watakupa kahawa na halua, na kila mmoja atataka kukushika mkono mara mbili. Khalati zako, ndugu zangu, wako jikoni wanakutengenezea vya safari na kubishana kuhusu chumvi. Mimi nimewaambia kichwa chaniuma, nikapanda juu, nikafunga mlango.

Naandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyonifunza marehemu babangu. Hizi za Kizungu mkono wangu haujapata kuzizoea. Nawe nilikufundisha mwenyewe kuzisoma, kwa hiyo huhitaji mtu wa kukusomea, na hilo ndilo nilitakalo. Barua hii ni ya macho yako.

Sitakuambia habari za sweta, wala baridi, wala chakula cha Bombay, wala sala. Hayo umeshaambiwa na watu kumi tangu asubuhi, na wengine hata melini hawajapata kupanda. Kesho adhuhuri utaondoka Kilindini, na miaka minne ni mingi. Mimi nina jambo moja tu, na limenikwama kooni tangu siku ile uliyokuja na karatasi ya afya ya chuo.

Wakumbuka? Ulikaa ukumbini na kalamu, mimi nachambua mchele. Ukasoma, kisha ukaniuliza, "Mama, wanataka kujua baba alikufa na maradhi gani." Sikuinua uso. Nikakujibu, "Andika mgongo." Ukacheka, ukasema, "Mgongo hauui mtu, mama." Nami nikasema, "Wa babako ulimuua." Ukaandika.

Nilikudanganya, mwanangu. Nilikudanganya ulipokuwa na miaka kumi na sita, tukiwa bado na nguo za msiba, na juzi nikakudanganya tena umeshakuwa mwanamume mwenye ndevu. Babako alikufa kwa saratani. Ilimshika sehemu ambayo mwanamume hasemi na mwanamke haulizi, na kwa kuwa yeye hakusema nami sikuuliza, ikapata miaka miwili ya kufanya itakalo. Hii ndiyo habari ninayotaka kukupa, na nakuomba unistahimilie, maana kuna maneno humu ambayo mama wa mji huu hamwambii mwanawe.

Wewe ulimjua babako kama mtu mzima aliyekaa nyuma ya cherehani. Mimi nilimjua akiwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, anashona kanzu katika kile kiduka cha Bondeni, na hakuna mtu aliyekuwa msafi kama Mbarak. Kanzu yake haikupata kuwa na doa. Akitia uzi sindanoni alikuwa akiulowesha kwanza mdomoni, na hata akiwa nyumbani hana sindano, akifikiri jambo, midomo yake ilifanya vile vile. Mpaka leo nikimwona mwanamume yeyote amebana midomo hivyo, hata akiwa mchuuzi wa samaki, mimi husimama.

Yalianza kidogo kidogo. Alikuwa kila mara anaacha kanzu ya mtu mezani anakwenda chooni msikitini, hapo karibu na duka. Akikaa huko muda mrefu, akirudi, na baada ya muda mfupi yuko njiani tena. Wateja walimzoea, wakamfanyia mzaha, naye akacheka nao. Nyumbani nilimsikia akisimama chooni, maji hayatoki, yakitoka ni matone, yanakatika, yanaanza tena. Usiku alikuwa akiamka mara nne, mara tano. Nilidhani ni baridi ya mwili.

Halafu aliacha kwenda msikitini. Babako, ambaye miaka yote alisimama safu ya mbele! Akaanza kusali chumbani peke yake. Watu wa mtaa wakasema fundi Mbarak amepata kiburi. Leo naijua sababu. Matone yalikuwa yakimtoka bila yeye kutaka, na udhu ukimvunjikia katikati ya sala, naye alikuwa anaona haya kutoka katika safu mbele za watu. Alikuwa akitawadha mara tatu kwa sala moja. Hakumwambia mtu.

Na kitandani akawa anageukia ukuta. Hapa nitasema upesi nipite. Mke huona mumewe amemtupa mkono, na jambo la kwanza linalomjia si maradhi. Nilidhani ameoa. Nilikuwa nimeshamchagua na mwanamke mwenyewe, mjane mmoja wa Likoni aliyekuwa akileta nguo za watoto wake kushonwa. Mwaka mzima nikampikia babako kwa hasira. Nilimwekea chakula nikaondoka. Akinisemesha nilimjibu neno moja. Alikuwa anaumwa, ana hofu, na mimi niko mbele yake nimenuna kwa ajili ya mjane ambaye hakumfanya chochote.

Lakini kosa langu kubwa si hilo. Kosa langu ni kikoi.

Siku moja nilikuwa nafua, nikakuta katika kikoi chake doa, jekundu lililoingia weusi. Nilijua ni damu, na nilijua imetoka wapi. Nilisimama uani nimekishika kile kikoi, na mwanangu, sikukimbia kumuuliza. Nilikisugua kwa sabuni na ndimu mpaka kikawa cheupe. Sikukianika darini pamoja na nguo nyingine, nilikianika chumbani nyuma ya mlango, jirani asikione. Wiki ya pili nikakuta doa jingine, nikafanya vile vile. Nilikuwa najiambia nalinda heshima ya mume wangu. Naye kila akiona kikoi kimerudi cheupe, alijua kuwa najua, na akaona kumbe mke wangu naye anataka tunyamaze. Tulikaa hivyo miezi, kila mmoja anamsitiri mwenzake.

Kisha ukaja huo mgongo. Hayo unayakumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimkanda. Alisema ni cherehani, ni ule mguu wa kusukuma siku nzima, na sisi sote tukaamini, kwa kuwa fundi gani wa cherehani haumwi mgongo? Tukamnunulia mto wa pamba wa kukalia. Tukamwita mkandaji kutoka Kuze. Tukampiga chuku, zile pembe za kuumika, mpaka mgongo ukawa kama ngozi ya chui. Maumivu yakashuka nyongani, yakaingia pajani, naye akakonda, suruali zake akawa anazipunguza mwenyewe kiunoni, kimya kimya, dukani kwake.

Asubuhi moja akashindwa kabisa kukojoa. Mpaka adhuhuri tumbo limevimba chini ya kitovu, gumu, jasho linamtiririka. Wewe ulikuwa skuli. Ndipo aliponishika mkono, akasema, "Zena, nakufa. Nipeleke." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kuniomba kitu.

Hospitalini tulimkuta daktari mmoja Muhindi, mfupi, mwenye miwani, mzaliwa wa papa hapa Mombasa, anasema Kiswahili kama sisi. Akamtia mpira wa kutolea mkojo, ukatoka chombo tele, na babako akalia kwa ile raha. Kisha daktari akasema anahitaji kumpima kwa kidole, kwa njia ya nyuma, maana kuna tezi ya kiume iliyo chini ya kibofu na hakuna njia nyingine ya kuigusa. Babako akakaa wima kitandani.

"Hilo halifanyiki," akasema. "Bora nife."

Daktari hakughadhibika. Akavuta kiti akakaa. "Mzee wangu," akasema, "babangu mzazi alisema maneno hayo hayo. Nami nilikuwa bado sijasomea udaktari, nikamwachia."

Babako akamtazama. "Ikawaje?"

"Ndiyo nikasomea."

Babako akageuza uso ukutani, akasema, "Mtoe mke wangu kwanza." Nikatoka. Kipimo chenyewe hakikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Miaka miwili alikikimbia kitu cha dakika mbili.

Daktari akanifuata ukumbini. Akaniambia tezi ni ngumu kama jiwe, ina vinundu, na kwa maumivu yale ya mgongo na nyonga anaogopa imeshaingia mifupani. Wakampiga picha, wakampima damu, ikawa kweli. Akaniuliza, "Yalianza lini, mama?" Nikasema kama miaka miwili. Akauliza, "Na damu?" Nikasema ipo. "Uliiona wewe?" Nikasema, "Niliiona. Niliifua." Hakunilaumu. Aliandika kwenye karatasi yake tu. Lakini mimi ile kalamu yake ikikwaruza naisikia hata sasa.

Maradhi yenyewe hayakuwa ya kuondoka tena. Daktari alisema yanaweza kupunguzwa nguvu. Ile saratani, alivyonieleza, hulishwa na kile kinachotengenezwa na korodani, na zikitolewa, hufifia kwa muda na maumivu hutulia. Babako aliposikia hayo hakula siku mbili. Siku ya tatu nilipomletea uji akanambia nikae.

"Zena. Nikikubali, nitakuwa nani kwako?"

Nikamwambia, "Utakuwa Mbarak. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na kipande cha mtu."

Akabana midomo, vile kama analowesha uzi. Kisha akasema, "Basi waambie wakate." Ndivyo alivyokuwa babako, mwanangu. Nataka ujue kwamba mwisho wake alikuwa shujaa, kwa kuwa katika hadithi niliyokupa mimi alikuwa mtu aliyeumwa mgongo tu.

Tulipata miezi mitano. Maumivu yalishuka kama mtu aliyefungua mlango akatoka. Alirudi kwenye cherehani, akakushonea kanzu ya Idi ile yenye darizi ya hariri shingoni, ambayo sasa haikutoshi na imo sandukuni mwangu. Jioni tulikuwa tukitembea pole pole mpaka ufuoni kwenye mnara wa taa, mimi na buibui langu na yeye na bakora, tukala muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, tumeketi juu ya mawe kama watu waliooana jana. Tukaongea. Katika miaka ishirini ya ndoa hatukuongea kama miezi ile mitano.

Siku moja nikamwambia habari ya mjane wa Likoni. Akanitazama, hakuamini. Alicheka mpaka akashika mgongo. "Zena! Mimi nakaa na mkojo wangu unanidondoka, naogopa usinisikie harufu, na wewe waniozesha?" Akacheka tena. Kisha akatazama maji. Akasema, "Miaka miwili nilikuwa nakuogopa wewe kuliko maradhi." Nikamwambia, "Nami nilikuona. Nilifua vikoi vyako." Akasema, "Najua. Nilikuwa navitafuta darini sivioni."

Hapo ndipo tulipokuwa sawa, mwanangu, kwenye yale mawe, na muda ulikuwa umeshatuishia. Ninapomtamani babako, sitamani ujana wetu. Natamani ile miezi mitano ingekuwa miaka, na najua ingeweza kuwa, kama ningekichukua kile kikoi siku ya kwanza nikakiweka mbele yake nikamuuliza, "Mbarak, hii ni nini?"

Baada ya mfungo maumivu yakarudi. Alifariki kabla ya saa sita za mchana, mkono wake umo mkononi mwangu, na watu walipoingia wakauliza ni maradhi gani, mimi mwenyewe ndiye niliyelitoa lile neno. Hakuna aliyenilazimisha. Nikasema "mgongo", na mji mzima ukalichukua.

Sasa nikueleze la ami yako Swaleh, kwa kuwa wewe hukujua kwa nini aliacha kuja kwetu wakati ule.

Ilikuwa hitima ya babako, ya kutimiza mwaka. Wanaume wako ukumbini wanasoma, mimi nikiwa nyuma ya pazia naandaa sinia. Nikamwona Swaleh ameinuka akaenda chooni. Akarudi. Kabla juzuu haijesha akainuka tena. Mara ya tatu, nikaweka sahani chini. Nikamsubiri kwenye ngazi, na huko juu nasikia sauti ya maji, yanakatika, yanaanza, yanakatika. Sauti hiyo naijua.

Alipotoka nikamwambia, "Shemeji, una muda gani na hali hiyo?"

Akashtuka. "Hali gani?"

"Ya kukojoa."

Mwanangu, ungemwona ami yako. Mtu mpole yule, lakini uso wake uligeuka. "Wewe mwanamke una akili?" akasema kwa sauti ya chini. "Watu wako hapo wanamsomea mumeo Kurani, nawe waniuliza mkojo wangu?"

Nikamwambia, "Mume wangu wanamsomea kwa sababu sikumuuliza wake."

Akashuka, akachukua viatu, akaondoka kabla ya dua. Miezi miwili hakukanyaga hapa. Jamaa wakaona nimemkosea, wala sikuwaeleza. Nilikula fedheha hiyo peke yangu na, Mungu anajua, nilikuwa nikilia. Nilimpoteza Mbarak, na sasa nimempoteza mtu wa pekee anayecheka kama Mbarak.

Kisha asubuhi moja akapiga hodi. Amebeba kikapu cha maembe. Akakaa mlangoni pale, hakutaka kuingia ndani zaidi. Akasema, "Nilikwenda kwa yule Muhindi wenu." Nikakipokea kikapu. Akasema, "Kidole na kila kitu." Halafu akaanza kutabasamu. "Anasema si saratani. Tezi imekua tu, kama wanavyopata wazee wengi. Wanaipasua wiki ijayo. Shemeji, nilikuwa nimeshaandika wasia."

Nililia mpaka akaogopa. Huyo ndiye ami yako uliyekwenda kumuaga leo, anayebeba magunia na kusimama safu ya mbele. Daktari aliniambia baadaye kwamba wanaume wengi wanaosumbuka mkojo wakishapita hamsini ni kama Swaleh, wala si kama babako. Lakini kwa kuwatazama tu huwezi kuwatofautisha, na wao wenyewe hawawezi. Na kuna wengine, akasema, ambao tezi yao imeshaoza na hawahisi lolote, mkojo watoka vizuri, mpaka mifupa ianze kuuma. Ndiyo maana mtu hupimwa hata kama haumwi.

Nilimwendea daktari huyo mara nyingine, peke yangu, kwa ajili yako. Nilimuuliza, "Je, mwanangu?" Akasema mambo haya bado wanayasoma, hawajui yote, lakini wameona kwamba mwana au ndugu wa mtu aliyepata yuko karibu zaidi na hatari kuliko mwingine. Akasema ukifika miaka arobaini na kitu, usingoje dalili, nenda kapimwe, na umtajie daktari babako. Sasa una ishirini na moja, na najua arobaini kwako ni kama nchi ya mbali. Mimi pengine sitakuwepo kukukumbusha. Kwa hiyo nakukumbusha leo.

Lakini kuna la pili, Twalib, na hili halingoji arobaini.

Una kovu kinenani, upande wa kulia. Tulikuambia ni ngiri uliyopasuliwa ukiwa mdogo. Haikuwa ngiri. Ulipotahiriwa una miaka sita, dresa wa hospitali alituita kando akasema korodani moja haijashuka, iko juu, na inabidi ishushwe. Ukapasuliwa ukiwa na miaka saba, ikashuka, ukapona, ukarudi kucheza mpira. Babako akasema tusikuambie, usije ukajiona una kasoro mbele ya wenzako. Nami nikakubali, kama nilivyokubali kila kitu cha kunyamaza.

Nilipomtajia daktari jambo hilo, aliweka kalamu chini. Alisema korodani iliyochelewa kushuka, hata ikishashushwa, ina hatari zaidi ya kushikwa na saratani, na saratani hiyo si ya wazee, ni ya vijana, miaka kama yako na mbele kidogo. Huanza kama kinundu kigumu, mara nyingi hakiumi, na kwa kuwa hakiumi kijana hukiacha. Au huvimba upande mmoja, au mtu huona uzito pale chini. Akasema mara moja kwa mwezi, ukioga maji ya moto, zipapase zote mbili kwa vidole, taratibu. Utazijua zilivyo, hata moja ikiwa kubwa kidogo kuliko nyenziwe. Siku ukikuta kitu kigeni, usimwulize rafiki, usingoje mtihani uishe, mwone daktari. Ikiwahiwa, akasema, hukatwa ile yenye ugonjwa, na mtu anaweza kuishi na akaoa na akazaa.

Mama yako anakuandikia habari za korodani. Babangu akiniona angenifunga mdomo kwa kitambaa. Lakini nimeshaanza na sitaacha nusu. Daktari alinitajia pia kwamba mwanamume huweza kupata kinundu kifuani, chini ya chuchu, kama mwanamke, jambo ambalo mimi sikupata kulisikia. Na kidonda kwenye uume kisichopona, usikipake dawa ya dukani ukakificha. Na damu kwenye mkojo usiinyamazie, hata mara moja, hata ikipotea yenyewe, hata kama haikuumi. Hasa kama haikuumi. Sitaki uwe mtu wa hofu, anayejipapasa kila kutwa. Nataka tu uujue mwili wako kama unavyoijua njia ya kutoka hapa mpaka Makadara, ambapo mtu akihamisha jiwe moja wewe utaliona.

Najua utakasirika. Utasema, mama, miaka yote hiyo. Kasirika, ni haki yako, ami yako alikasirika miezi miwili na nilimngoja. Wewe nitakungoja zaidi.

Sijui nyumba hii itakuwaje keshokutwa. Tangu babako aondoke nimekuwa nikiishi kwa miguu yako kwenye ngazi. Nikipika napika kwa tumbo lako. Nitazoea, wanawake wote huzoea, lakini najua jioni nitakuwa nakwenda dirishani bila sababu. Nitakapokwenda kwenye mawe ya mnara wa taa nitakuwa natazama upande wenu, na nitakuwa nawatamani wawili, mmoja aliyekwenda asikorudi, na mmoja anayekwenda akasome. Wa pili huyo nataka arudi. Unaona, sikuandika haya kwa ajili ya kukutisha. Nimeyaandika kwa ubinafsi. Nataka urudi mzima, uzeeke, unene, unikasirishe.

Kuna khalati yako mmoja aliyeniambia, ukiwa na la kumwambia mtoto, liandike umtilie ndani ya sanduku lake, atalikuta mbali, hatakuwa na wa kumlilia wala wa kumgombeza. Nilikuwa nimeshakubali. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia hiyo, na sasa naona ni kikoi kile kile, nataka tena kukianika nyuma ya mlango.

Barua hii sitaitia sandukuni. Nakusikia chini, umefika, unamtania khalati yako. Nitaikunja hii, nishuke, nikupe mkononi. Uisome hapa juu, kwenye chumba changu, mimi nikiwa nje ya mlango kwenye kiti. Ukimaliza, fungua, na uniulize lolote. Nitakujibu kila kitu kwa jina lake.

Mamako,
Zena